Uzi: Kupiga picha treni ya bustani ionekane kama umeivizia kando ya reli ya kweli (Mwanza na mwambao wa ziwa)

#1 Taruma la Chuma

Wakuu, habari za humu.

Picha nyingi za treni za bustani (modeli ndogo zinazokimbizwa kwenye reli za uani) zinazopandishwa mitandaoni zina kasoro moja kubwa kuliko zote: zimepigwa na mtu aliyesimama wima. Jicho la mtu mzima liko kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kwa modeli ya kipimo cha 1:22.5, yaani iliyodogoshwa mara 22.5, hiyo ni mita 36 angani. Hakuna mpenzi wa treni anayepiga picha kutoka huko, kwa hiyo anayeitazama anajua mara moja kwamba anaangalia kitu kidogo, hata kama kichwa cha treni kimetengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kugusa kitufe chochote cha kamera, jiulize mtu wa kipimo kile angekuwa amesimama wapi. Kando ya tuta? Juu ya jiwe? Kwenye daraja la waenda kwa miguu? Kamera iwekwe hapo hapo. Mengine yote yanafuata.

Hesabu zenyewe ni rahisi. Reli yetu ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928 kutoka Tabora, ina upana wa mita moja. Njia ya bustani ya mm 45 inalingana nayo kwa 1:22.5, kipimo walichokitumia LGB, watengenezaji wa treni za bustani, tangu 1968 kwa treni za upana wa mita. Kwa hiyo:

- Jicho la mtu aliyesimama: 1600 ÷ 22.5 = mm 71. Katikati ya lenzi iwe sm 7 juu ya ardhi ya modeli.
- Mtu aliyechuchumaa: kama sm 4.
- Mtu aliye juu ya daraja la mita 6: sm 27, ukiongeza kimo chake unafika sm 34.
- Umbali wa kusimama salama kando ya reli, mita 15 hadi 20: sm 67 hadi 89.

Kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha ina katikati ya lenzi kama sm 4 juu ya kitako chake. Ukiilaza chini juu ya mfuko wa kitambaa wenye nusu kilo ya mchele, umeshafika sm 7. Stendi ya miguu mitatu haishuki kiasi hicho, iache ndani. Mfuko wa mchele unashika kamera vizuri hata kwenye jiwe lililoinama, na unaweza kuusukuma kwa kidole kurekebisha upeo.

Ukiwa na simu, igeuze kichwa chini. Lenzi za simu ziko juu, kwa hiyo ukiigeuza zinakaribia ardhi. Weka kibao cha unene wa sm 5 chini yake na umefika.

Jambo la kuhakikisha ni mstari wa upeo. Upeo wa ziwa siku zote hupita kwenye kimo cha jicho la mpiga picha. Kwenye picha ya treni halisi iliyopigwa na mtu aliyesimama usawa wa reli, upeo hukata kichwa cha treni chini ya madirisha ya dereva. Kama kwenye picha yako ziwa linaonekana juu ya paa la mabehewa, umesimama juu mno. Hicho ndicho kipimo cha haraka, hakihitaji rula.

Tuendelee: mwanga, fokasi, mandhari, kasi. Wenye utaalamu wa kila kipengele karibuni.

#2 Lenzi Kumi na Nane

Nakazia hoja ya mkuu hapo juu, na niongeze ya fokasi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea hata baada ya kulala kifudifudi.

Treni halisi ikiwa mita 18 mbele yako, lenzi ya mm 24 kwenye kamera ya sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikipanda tundu linapungua) inatoa ukali kuanzia mita 3 hivi hadi mwisho wa upeo. Kila kitu kiko wazi. Modeli ikiwa sm 80 mbele yako, lenzi ile ile hata kwa f/11 inatoa ukali kuanzia sm 62 hadi mita 1.12 tu. Behewa la tatu limeshafifia, na jicho la mtazamaji linasoma ukungu ule kama dalili ya kitu kidogo kilichotazamwa kwa karibu. Ndiyo maana hata picha ya mji mzima ukiififisha juu na chini inageuka kuwa kama vikaragosi.

Dawa ya bei nafuu ni lenzi ya kawaida ya 18–55 inayokuja na kamera:

1. Izungushe hadi mm 18.
2. Weka f/16.
3. Zima fokasi ya kujiendesha, pima mita 1.1 kwa futi kamba kutoka kwenye alama ya sensa iliyo juu ya kamera, weka kitu hapo, lenga, kisha usiguse pete tena.
4. Ukali utaanza kama sm 54 na kwenda hadi upeo wa macho.

Usiende f/22. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo kiasi hicho unasambaa, na picha nzima inakuwa laini. f/16 tayari iko mpakani.

Onyo la mm 18: ukikaribia chini ya sm 60, pua ya kichwa cha treni inavimba na mkia unakimbilia mbali mno. Kaa sm 70 hadi 90 kisha ukate pembeni baadaye. Picha ya megapikseli 24 ukiikata nusu bado inafaa kabisa kwa mtandao.

#3 Bi Mwambao

Naomba kuuliza. Nina simu tu, lenzi mbili. Kuna maana ya kujaribu au nisubiri kamera?

#4 Lenzi Kumi na Nane

Dada, kwa kazi hii simu ina faida juu ya kamera kubwa. Sensa ndogo ina lenzi fupi sana, na lenzi fupi inatoa kina kikubwa cha fokasi. Ile lenzi pana kuliko zote, inayoandikwa 0.5x, kwenye simu nyingi inaona wazi kuanzia sm 25–30 hadi mbali kabisa bila wewe kufanya lolote.

Ya kuzingatia:

- Zima hali ya picha ya mtu inayofifisha nyuma. Hiyo ni sumu hapa.
- Treni iwe katikati ya fremu. Kingo za 0.5x zinavuta vitu, mabehewa yaliyo pembeni yanarefuka.
- Gusa skrini kwenye ubavu wa kichwa cha treni, shikilia hadi mwanga na fokasi vifungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Simu hupenda kung'arisha kivuli cha chini ya mabehewa hadi magurudumu yaelee. Kivuli kile kinatakiwa kibaki cheusi.
- Treni ikiwa inatembea, zima HDR. Simu inaunganisha picha kadhaa na unapata magurudumu mawili mawili.
- Tumia kipima muda cha sekunde 3, ili kidole kisitikise simu iliyogeuzwa.

Lenzi ya 1x itumie ukiwa umerudi nyuma mita moja na nusu au zaidi.

#5 Kipishano

Naheshimu njia ya f/16 lakini kwa treni iliyosimama siikubali kama njia kuu. Tabaka za fokasi zinashinda. Unapiga picha 8 hadi 12 za kitu kile kile kwa f/8, ya kwanza ukilenga kokoto za mbele kabisa, ya mwisho upeo, kisha programu inachukua sehemu kali ya kila moja. Helicon Focus na Zerene Stacker ni za kulipia. Za bure ni zile zinazokuja na Hugin: align_image_stack inazilinganisha, enfuse inaziunganisha. Ukali unaopatikana kwa f/8 huwezi kuupata kwa f/16 ya lenzi ya kawaida.

Kwa lenzi ndefu ndiyo hakuna ubishi kabisa. Picha ile ya treni ndefu inayokuja kwenye kona, mabehewa yamebanana, hupigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali. Kwenye bustani unarudi mita 4 na lenzi ya mm 100. Kwa kipimo umesimama mita 90 kutoka kwenye reli, mahali pa kweli kabisa. Lakini hata kwa f/16 ukali unaanzia mita 3.57 na kuishia mita 4.55. Hiyo ni chini ya mita moja. Behewa la mita 13 kwa kipimo chetu lina sm 58, kwa hiyo umepata kichwa na sehemu ya behewa la kwanza. Bila tabaka, picha hiyo haipo.

#6 Lenzi Kumi na Nane

Mkuu Kipishano, kwa lenzi ndefu tuko pamoja. Kwa lenzi pana tatizo la tabaka ni upepo wetu. Majani yakitikisika kati ya picha ya 3 na ya 9, programu inatoa majani yenye mizimu, na kingo za kichwa cha treni zinazungukwa na duara la mwanga. Kusafisha hayo kwa mkono ni kazi ya saa nzima. Tabaka zinafaa alfajiri tu, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuingia nchi kavu.

#7 Kipishano

Ndiyo, asubuhi, na hiyo inatuleta kwenye mwanga. Huku kwetu mambo ni tofauti na maelekezo yanayoandikwa Ulaya, kwa hiyo niyaeleze kwa urefu kidogo.

Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini ya ikweta. Jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1:00 asubuhi kutegemea mwezi, linapita juu kabisa kati ya saa 6:32 na saa 7:02 mchana. Maana yake ule mwanga wa pembeni unaochora ubavu wa treni una saa mbili tu, hadi kama saa 2:45 au 3:00 asubuhi, jua likiwa bado chini ya nyuzi 30. Baada ya hapo kivuli cha paa kinaanza kufunika madirisha, na kuanzia saa 4 kivuli kinazidi kushuka ubavuni wakati paa linawaka. Hakuna mpangilio wa kamera unaoliponya hilo. Funga vifaa.

Upande gani wa treni? Njia yako ikilala mashariki–magharibi, mwezi wa 6 jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ubavu wa kaskazini ndio wenye mwanga. Mwezi wa 12 ni ubavu wa kusini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita karibu utosini, na asubuhi linafuata njia yenyewe: mbavu zote mbili hupata mwanga kidogo, pua ya treni inayoelekea mashariki inapata wote. Siku hizo piga treni ikikujia.

Njia ikilala kaskazini–kusini, kama nyingi za bustani zinazofuata ufuo wa Nyegezi au Capri Point, maisha ni rahisi zaidi. Ghuba iko magharibi. Asubuhi ukiliangalia ziwa jua liko mgongoni mwako, treni na maji vyote vinapata mwanga. Jioni kutoka hapo hapo jua liko usoni, utapata kivuli cheusi cha treni na maji yanayong'aa, basi. Ni picha nzuri lakini mabehewa hayasomeki namba.

Wakazi wa Bwiru na Pasiansi ziwa lenu linaangalia kaskazini-magharibi zaidi, mnapata mwezi wa 6 jioni isiyokuwa ya kivuli kitupu kabisa mkigeuza kamera kuelekea kaskazini.

#8 Mnyaa

Asubuhi ina adui mmoja ambaye hamjamtaja: umande. Tone la mm 3 juu ya paa ni sm 7 kwa kipimo. Treni inaonekana imemwagiwa mipira ya kioo. Usipanguse kwa kitambaa, kinaacha michirizi kwenye vumbi ulilopaka. Tumia kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi kwenye modeli, na brashi laini ya rangi ya inchi moja kwenye reli. Njia nzuri zaidi ni kuweka mabehewa nje jua likishachomoza. Njia yenyewe funika kwa turubai usiku, mita mbili au tatu za eneo la picha tu.

Na wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi huzidi karibu na mwezi mwandamo. Wakiwa mbali nyuma ya treni, wingu lao linasomeka kama moshi wa kweli na halidhuru picha. Wakitua ni balaa: mdudu wa mm 8 ni ndege wa sm 18 amekaa kwenye bomba. Wakisagwa juu ya reli huacha utando wa mafuta na umeme unakatika, kichwa kinaruka ruka. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kabla ya kuanza.

Sisimizi vivyo hivyo. Kabla ya kupiga, kagua fremu nzima kwenye skrini ukiikuza mara tano: wadudu, nywele, uzi wa buibui kati ya nguzo. Kitu kimoja tu cha ukubwa usiofaa kinavunja kazi yote.

#9 Bi Mwambao

Mnyaa, na mimea je? Ukoka wangu unafika kwenye madirisha ya behewa.

#10 Mnyaa

Ukoka ukipunguzwa hadi sm 2 ni majani ya kimo cha sm 45, sawa na kando ya reli baada ya mvua. Tatizo ni upana wa jani. Uache nyuma ya njia, umbali wa mita moja na zaidi. Mbele ya kamera usiuweke.

Mimea inayokubali kipimo:

Vipande vya mnyaa wenyewe, sm 15 hadi 20. Kwa kipimo ni mti wa mita 4, na umbo lake la matawi bila majani haliharibiki ukidogoshwa. Zaidi ya hapo ndio uzio wa Usukumani, kwa hiyo unaiweka treni mahali pake bila maneno. Kata, acha jeraha likauke siku tatu kivulini, kisha chomeka kwenye mchanga. Utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho, unaweza kukutia upofu wa muda. Vaa glavu, na usijipanguse usoni.

Miche ya mvinje. Majani yake kama nywele yanasomeka kama mti mkubwa wa mbali. Ipunguze vilele kila mwezi, la sivyo ndani ya msimu mmoja wa mvua inakuzidi kimo.

Kuvu zilizoganda kwenye mawe: usizisugue. Zinatoa rangi ya umri ambayo huwezi kuipaka.

Kuhusu mawe, sisi wa Mwanza tumependelewa. Jiwe la granito la mita moja ni mwamba wa mita 22, na mji wetu halisi umejengwa katikati ya miamba ya namna hiyo, kwa hiyo jicho halishangai. Chagua jiwe lenye nyufa na lililovimba duara, liwe nyuma ya njia sm 40 hivi, na lijaze theluthi mbili za upana wa fremu. Kazi yake kubwa ni kuficha: simtanki, kamba ya nguo, bati la jirani na dirisha lake. Madirisha ya nyumba halisi nyuma ya modeli ndiyo yanayoharibu picha nyingi za bustani kuliko kitu kingine.

#11 Taruma la Chuma

Asante Mnyaa. Niongeze ardhi ya karibu na reli, kwa sababu kamera ikiwa sm 7 juu, kokoto ndizo zinazojaza theluthi ya chini ya picha.

Kokoto halisi za reli zina mm 25 hadi 60. Kwa kipimo ni mm 1.1 hadi 2.7. Mchanga wa ufuoni haufai, punje zake ni duara na zinang'aa. Chukua vumbi la kokoto kutoka kwenye machimbo ya mawe, lipitishe kwenye chekeche la matundu ya mm 3, kilichopita kipitishe tena kwenye wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Kinachobaki juu ya wavu ndicho unachokihitaji. Kioshe hadi maji yawe safi, anika. Kwa mita moja ya njia andaa lita 3 hivi.

Usigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvua ya kwanza inairudisha kuwa maziwa. Changanya kikavu sehemu 1 ya simenti kwa 8 za kokoto, pangilia kwa brashi, nyunyizia maji kwa chupa ya ukungu. Fanya hivyo kwenye eneo la picha tu, na katikati ya vipande vya reli, usiguse maungio. Reli ya shaba nyeupe ya mita 10 ikitoka nyuzi 18 za alfajiri hadi 55 za juani inarefuka kama mm 7. Ukiifunga pande zote itapinda kando, na mkunjo huo kwenye picha ya lenzi ndefu unaonekana kama nyoka.

Reli zenyewe: zile nene za kawaida za bustani zina kimo cha mm 8.4, kwa kipimo ni sm 19. Reli halisi ya ratili 80 kwa yadi ina sm 13 hivi. Kwenye eneo la picha, mita 3 hadi 4, weka reli za mm 6.35. Kama huwezi, paka ubavu wa reli rangi ya kutu isiyong'aa, na kabla haijakauka ipulizie vumbi la udongo mwekundu lililochujwa kwa soksi ya nailoni. Juu ya reli pabaki pasafi. Vumbi hilo hilo pitisha kwenye mataruma (vipande vya kukingama vinavyobeba reli) ya plastiki ili mistari ya mbao ya bandia ipotee. Mataruma ya chuma ya reli yetu hayana nyuzi za mbao.

Wenye njia iliyoinuliwa juu ya ukuta wa sm 50 au 60: mgongo unafurahi, lakini mbele ya reli hakuna ardhi, picha inaanzia hewani. Tengeneza kibao cha sm 100 kwa 40, kipake udongo na kokoto, kiegemeze usawa wa njia wakati wa kupiga, kisha kiondoe.

#12 Fundi Ishara

Nimesoma yote. Mnazungumzia picha, mimi nizungumzie treni, maana anayeijua reli anagundua uongo kwa vitu vingine kabisa.

Treni iliyosimama inaweza kupigwa ionekane inatembea, kwani picha ya mpenzi wa treni yenyewe hugandisha mwendo. Lakini:

Taa kubwa ya mbele iwe inawaka. Taa ya mkia isiwe upande wa kichwa.

Ishara iliyo mbele ya treni isiwe nyekundu kama treni inatakiwa kuonekana inapita.

Swichi ya njia (pale reli zinapogawanyika) iliyo chini ya pua ilingane na mwelekeo. Swichi iliyofungwa upande mwingine ni ajali, si safari.

Viunganishi viwe vimevutwa. Sogeza kichwa mbele sm chache kabla ya kupiga ili ulegevu uishe. Ukikirudisha nyuma mabehewa yanabanana na treni inaonekana inasukumwa.

Injini ya mvuke: fimbo za magurudumu ziwe chini. Ni desturi ya wapiga picha wa reli tangu zamani, na gurudumu linaonekana lote.

Dereva awepo. Sanamu ya mtu wa sm 7 hadi 8, upande sahihi wa chumba, akiangalia mbele.

Kwenye kivuko cha reli na barabara, gari na bodaboda ziwe zimesimama.

Kona nazo. Kona ya nusu kipenyo cha sm 60 ni mita 13.5 kwa kipimo, hakuna treni ya njia kuu inayopita hapo. Hata ya sm 120 ni mita 27. Usionyeshe kona yote: mita moja na nusu tu ya mkunjo, mwanzo na mwisho vifichwe na mawe. Piga kutoka upande wa ndani ya kona, ambako nafasi kati ya mabehewa hufumba. Upande wa nje hufumbuka na viunganishi vikubwa vya bustani vinajitangaza.

Kwa kujifunza mpangilio, kaa kwenye barabara ya wazi karibu na njia halisi uangalie treni inavyopita, kutoka Mwanza Kusini hadi Fela, Mantare na kuendelea. Ukitaka kupiga picha ndani ya stesheni au bandarini, omba ruhusa kwa wahusika kwanza.

#13 Kichwa cha Umeme

Mimi natengeneza ya SGR. Njia hiyo hiyo ya mm 45, lakini upana halisi wa mm 1435 unanipa 1:32. Hesabu zenu za sm 7 nazibadilishaje? Na video, kasi inapimwaje?

#14 Taruma la Chuma

Mkuu, jicho la mtu kwako ni 1600 ÷ 32 = sm 5. Kusimama mita 18 ni sm 56. Usichanganye behewa la 1:22.5 kwenye fremu moja na kichwa chako, hata kama yanapita reli moja. Na kwa kuwa SGR ni ya umeme wa kilovolti 25, nguzo na waya wa juu ndivyo vinavyobeba picha: waya uwe mwembamba, wa mm 0.4 hivi, unene wa kweli ukiudogosha. Waya wa nguo utaharibu yote.

Kasi: pima mita 3 za njia, weka vijiti viwili. Kwa 1:22.5, gawanya 243 kwa kasi unayotaka, jibu ni sekunde za kupita kati ya vijiti. Kilomita 30 kwa saa ni sekunde 8.1, kilomita 50 ni sekunde 4.9. Kwa 1:32 gawanya 346. Kilomita 120 ni sekunde 2.9. Wengi huendesha mara mbili ya hapo bila kujua.

#15 Lenzi Kumi na Nane

Kwa picha ya treni inayotembea kilomita 50 za kipimo: ikipita mbele yako ubavu, shata (muda wa kamera kufunguka) 1/1000 ya sekunde; ikikujia kwa mshazari, 1/500 inatosha. Kwa f/16 kwenye jua kamili, 1/1000 inadai ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 1000 hivi. Saa 1:30 asubuhi mwanga ni mchache, tegemea 1600 hadi 3200. Chembechembe za ISO 3200 zinavumilika. Ukungu wa mwendo hauvumiliki.

Video: treni ndogo hutikisika haraka kuliko kubwa, na mtikisiko huo ndio unaofichua udogo wake. Piga kwa fremu 50 kwa sekunde, cheza kwa 25, na endesha treni mara mbili ya kasi ya kipimo. Mwendo unabaki sahihi, mtikisiko unapungua nusu. Kwa nadharia video ya 1:22.5 inataka kupunguzwa kasi karibu mara tano, lakini treni ingepaswa kukimbia karibu mita 3 kwa sekunde na itaruka reli kwenye kona.

#16 Bi Mwambao

Kuhariri je? Natumia Snapseed.

#17 Kipishano

Kidogo tu, dada. Punguza ukolezi wa rangi kwa 10 hadi 15, plastiki huwa imekolea kuliko chuma kilichopigwa jua. Behewa la mwisho na mawe ya nyuma yafanye meupe kidogo kwa brashi, kwa sababu hewa ya mita 200 ina ukungu na hewa ya mita 9 haina. Futa vumbi lililobaki. Usiongeze moshi wa bandia, na usiongeze ukali: kila ukingo utazungukwa na mstari mweupe.

Kwenye maelezo ya picha andika kama daftari la reli: tarehe, saa, namba ya kichwa, aina ya treni, inakoelekea. Na andika wazi kwamba ni modeli na kipimo chake.

#18 Kichwa cha Umeme

Swali la mwisho. Kuna anayejua namna ya kupiga behewa likiingia kwenye meli, kama pale Mwanza Kusini meli ya MV Umoja inapopakia mabehewa ya Port Bell, Uganda? Ziwa liko pale pale, nitumie maji yenyewe?

#19 Mnyaa

Usitumie maji ya ziwani kwa karibu, mkuu. Wimbi la sm 1 ni la sm 22 kwa kimo, hilo lingekubalika, lakini linakwenda haraka mno na povu na matone yake hayadogoki. Ziwa halisi libaki nyuma, umbali wa mita 50 na zaidi.

Mbele tengeneza beseni la bati, mita 1.2 kwa sm 60, kina sm 3, ndani lipakwe nyeusi isiyong'aa ili kitako kisionekane. Jaza maji sm 2. Usitengeneze meli nzima. Jenga sehemu ya nyuma tu, penye mdomo wa kupokea mabehewa, na ukingo wa beseni ufichwe na gati la mbao upande wa kamera. Lenga kamera ili upeo wa ziwa la kweli na uso wa beseni visiachane kwa rangi: asubuhi na mapema yote mawili huwa ya kijivu. Daraja la kuingilia liinamishe kidogo sana, sm 1 kwa kila sm 40, ukizidisha viunganishi vinapanda juu ya vingine na behewa linachomoka. Na kichwa cha treni kisiingie melini: weka mabehewa matatu tupu kati yake na yale yanayopakiwa, ili uzito wa kichwa ubaki nchi kavu.